Nguzo Huozea Pale Udongo Unapokutana na Hewa

Mkulima wa Ufipa anapotaka majani yaoze, habahatishi. Mvua zikiwa bado zinanyesha, hulaza nyasi, huzikusanya na kuzifunika kwa udongo wenye unyevu mpaka zikawa tuta la mviringo, ndilo ntumba. Maharage huoteshwa juu yake. Msimu unaofuata tuta hupasuliwa na kutandazwa, na kilichokuwa nyasi kimekwisha kuwa rutuba. Maarifa hayo ni ya miaka mingi, na ndiyo yaliyoufanya uwanda huu usio na miti mingi uendelee kulisha watu wake.

Mkulima huyohuyo anapojenga zizi, huchimba shimo, husimamisha ndani yake mti mbichi, kisha hurudishia udongo na kuushindilia. Bila kukusudia, amejenga ntumba kuuzunguka mguu wa nguzo. Baada ya misimu michache nguzo hulegea, ng'ombe huegemea, na nguzo hukatika. Ikichimbuliwa huonekana jambo la ajabu kidogo: sehemu iliyokuwa chini kabisa mara nyingi bado ngumu, sehemu ya juu nayo ngumu, ila pale usawa wa ardhi, kiasi cha shubiri moja au mbili, mti umekwisha.

Makala hii inaeleza sababu ya jambo hilo na hatua ambazo kaya, shule na vikundi vya ujenzi katika Kata ya Kate vinaweza kuchukua ili mbao na nguzo zidumu, bila kumwaga kwenye udongo na visima vitu vitakavyodhuru watu baadaye. Hasara ya zizi ni ndogo. Hasara kubwa iko kwenye sakafu za vyoo vya shimo, nayo itaelezwa mahali pake.

Kuoza kwa mti hakuletwi na umri. Kunaletwa na viumbe hai viitwavyo kuvu, jamaa moja na uyoga. Kuvu hutoa vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupeperushwa na upepo na kutua kila mahali: juu ya bati, juu ya mbao zilizopangwa dukani, juu ya nguzo iliyosimamishwa jana. Kijimbegu kikitua penye mti mkavu hakifanyi kitu. Kikitua penye mti wenye maji ya kutosha huota, na kutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazopenya ndani ya mti. Nyuzi hizo hazina meno. Hutema vimeng'enya vinavyouyeyusha mti kidogo kidogo, kisha hunyonya kilichoyeyuka. Uyoga unaochomoza ubavuni mwa gogo ni tunda tu. Mwili wa kiumbe chenyewe umo ndani, na umekuwamo kwa muda mrefu kabla tunda halijaonekana.

Mti umejengwa kwa vitu viwili vikuu. Kimoja ni selulosi, nyuzi ndefu zinazofanya kazi kama nondo katika zege. Kingine ni lignini, inayozishika nyuzi hizo pamoja kama saruji. Zipo kuvu zinazokula selulosi na kuacha lignini. Mti ulioshambuliwa hivyo huwa wa rangi ya kahawia, hupasuka vipande vya mraba kama udongo wa bwawa lililokauka, na hatimaye husagika kwa vidole. Huo huitwa uozo wa kahawia, nao huonekana zaidi kwenye mbao laini kama za msindano, yaani paina. Kuvu nyingine hula vyote viwili, na kuacha mti mweupe, mwepesi, wenye nyuzinyuzi kama sifongo. Uyoga wa mamama, ambao watu huupika kwa hamu, ni mmoja wa kundi hili la pili. Aina ya tatu huishi kwenye mti ulioloa kupita kiasi, na hulainisha uso wake pole pole.

Jambo moja katika uozo wa kahawia linastahili kukumbukwa na kila fundi. Kuvu hizo huanza kwa kukata nondo kabla hazijamaliza saruji. Kwa sababu hiyo mti unaweza kuwa umepoteza asilimia 10 tu ya uzito wake, ukionekana mzima kwa rangi na umbo, huku uwezo wake wa kuhimili mzigo ukiwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Macho hayatoshi kuupima mti wa namna hiyo.

Ili kuvu iishi, inahitaji vitu vinne: chakula, ambacho ni mti wenyewe, joto la wastani, hewa, na maji. Joto la Ufipa, hata katika baridi ya Juni na Julai, haliiui kuvu, huichelewesha tu. Maji ndiyo hoja. Mti mbichi unaweza kuwa na maji yanayokaribia au kupita uzito wa mti mkavu wenyewe. Ukianikwa vizuri hushuka mpaka chini ya asilimia 20, na hapo kuvu haziwezi kuanza kuula. Mbao iliyobaki chini ya kiwango hicho haiozi, hata ikikaa miaka mia moja. Boriti za nyumba za zamani za nyasi, zilizokuwa zikipigwa na moshi wa jikoni kila siku, zilidumu kwa sababu hiyo kwanza: zilikuwa kavu.

Sasa sababu ya nguzo kukatikia usawa wa ardhi iko wazi. Chini kabisa kuna maji, lakini hewa ni chache. Juu kuna hewa tele, lakini jua na upepo hukausha mti kila mvua inapokatika. Pale vinapokutana, maji na hewa vipo pamoja tangu Novemba mpaka Aprili, na hata kiangazi kikianza udongo hubaki na unyevu kwa majuma mengi. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo.

Hapa inafaa kuwatenga mchwa, maana mara nyingi kuvu hutenda na mchwa hulaumiwa. Mchwa huacha vichuguu vyembamba vya udongo juu ya mti na mashimo yaliyojaa udongo ndani yake. Penye uozo wa kuvu hakuna udongo. Kuna mti uliobadilika rangi, unaonuka kama msitu wenye mvua. Mara nyingi wote wawili hufuatana, kwa sababu mti ulioloa na kulainika ni chakula chepesi kwa aina nyingi za mchwa. Vilevile mbao za paina zilizokaa zikiwa mbichi hutokeza michirizi ya bluu au kijivu, na ugomvi huzuka kati ya mnunuzi na muuzaji. Michirizi hiyo ni ya kuvu inayokula sukari zilizobaki ndani ya mti, si nyuzi zake, hivyo haipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha. Lakini ni ushahidi kwamba mbao hiyo ilicheleweshwa kukaushwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali.

Sakafu ya choo ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Katika kaya nyingi choo cha shimo hufunikwa kwa magogo yaliyopangwa, juu yake yakawekwa fito, kisha udongo ukashindiliwa na kusawazishwa. Tazama hali ya magogo hayo: chini yana mvuke wa shimo usiku na mchana, pembeni yamelala juu ya udongo mbichi, juu yamefunikwa, na joto ni la kadiri mwaka mzima. Ni ntumba iliyoning'inia juu ya shimo la mita kadhaa. Zaidi ya hayo hakuna anayeyaona. Juu, udongo huonekana umetulia na safi mpaka siku gogo linapoachia, na anayesimama juu yake siku hiyo anaweza kuwa mtoto.

Kwa hiyo kampeni ya kitaifa ya Nyumba ni Choo ilipohimiza choo bora chenye sakafu imara inayosafishika, suala halikuwa magonjwa ya kuhara peke yake. Sakafu ya zege yenye nondo haina chakula cha kuvu. Kaya isiyoweza kumudu sakafu nzima inaweza kumwagia zege eneo dogo la kukanyagia lililoegemea kingo imara za shimo. Mafundi wengi wa vijijini wanaiweza kazi hiyo. Ambaye bado ana sakafu ya magogo asisubiri dalili. Afukue udongo kwenye pembe moja kabla ya mvua kuanza, agonge kila gogo kwa nyundo akiwa amesimama nje ya shimo, na asikilize. Mti mzima hulia kwa sauti kavu. Ulioliwa hutoa mdundo mzito, kama kugonga mkungu wa ndizi. Kisha achokoe kwa ncha ya bisibisi au msumari mkubwa. Mti mzima hutoa kibanzi kirefu chenye ncha. Ulioliwa hukatika vipande vifupi bila sauti. Gogo la namna ya pili halistahili kubaki hata juma moja.

Njia ya kwanza ya kuulinda mti haihitaji dawa yoyote. Ni kuukausha na kuuacha mkavu. Miti ikatwe mwanzoni mwa kiangazi, imenywe magome mara moja, na ipangwe juu ya mawe kwenye kivuli chenye upepo, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti ili hewa ipite. Mbao za inchi moja hukauka kwa majuma kadhaa hadi miezi michache. Nguzo nene huhitaji kiangazi kizima. Mzee anayesema miti ya nyumba ikatwe mwaka mmoja kabla ya kujenga hachelewi.

Baada ya kukauka, mti uzuiwe kurudi kwenye maji. Nguzo ya baraza isimame juu ya jiwe au kidato cha zege kilichoinuka juu ya ardhi, ikishikiliwa kwa pande la chuma, badala ya kuzikwa. Mapaa yatokeze vya kutosha kuziepusha kuta na nguzo na mchirizi. Misumari ya bati iliyolegea ipigwe upya kabla ya Novemba, maana tone moja linaloanguka kwenye kenchi kila mvua inaponyesha huharibu zaidi kuliko gharika ya siku moja. Ncha za boriti zinazoingia ukutani zisifungiwe kwa udongo mbichi pande zote. Ziachiwe nafasi ya kupumua. Kwenye majengo ya umma, hasa madarasa, kamati za shule zingefaa kupanda darini mara moja kwa mwaka na tochi na bisibisi. Gharama yake ni nusu siku.

Njia ya pili ni kuchagua mti. Sehemu ya ndani ya shina, iliyokolea rangi, hujiwekea kemikali zinazozichukiza kuvu na wadudu. Sehemu ya nje, nyeupe, ndiyo iliyokuwa ikipandisha maji na chakula, nayo haina kinga katika mti wowote. Moyo wa mninga, mkongo au mvule hustahimili miaka mingi. Weupe wa mninga huohuo huliwa kama msindano. Sifa hizi si porojo za maseremala. Kitengo cha matumizi ya mazao ya misitu cha Idara ya Misitu kilichokuwa Moshi kilizichunguza mbao za nchi hii na kuchapisha maelezo yake katika kitabu mwaka 1967, na mengi yaliyomo bado yanatumika.

Tatizo ni kwamba mininga haiko kila mahali. Uwanda wa Ufipa ni wa nyasi kwa sehemu kubwa, na kabla ya chuma cha dukani wahunzi wake walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyotumia makaa ya miti. Miti migumu iliyobaki iko zaidi kwenye miteremko ya kuelekea Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, na kuivuna kunahitaji kibali kwa mujibu wa sheria za misitu. Kinachopatikana kwa wengi ni mkaratusi na msindano wa kupandwa. Nguzo changa ya mkaratusi karibu yote ni weupe, na ndiyo maana huoza upesi kuliko sifa za jina lake. Lakini weupe huo una faida moja: hunywa dawa kirahisi, ilhali moyo mgumu huikataa.

Ndipo linapokuja suala la dawa. Inayotumika zaidi mitaani ni oili chafu kutoka gereji, inayopakwa miguu ya nguzo kwa brashi au kumiminwa shimoni. Inapendwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana na hufanya mti uonekane mweusi na imara. Ukweli ni kwamba hukaa juu ya ngozi ya mti tu. Mti ukipasuka kwa jua, kuvu huingia kwenye ufa na kuendelea na kazi nyuma ya rangi. Na kile kilichomo katika oili hiyo, madini mazito yaliyosagika kutoka kwenye injini na masalia ya kuungua ambayo baadhi husababisha saratani, hakibaki kwenye nguzo. Mvua hukishusha udongoni. Nguzo kumi za zizi lililo juu kidogo ya kisima kifupi au chemchemi ni jambo la kutazamwa kwa makini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa kuwa eneo la kulindwa. Kumwaga oili ndani ya ukanda huo ni kosa, na hata nje yake si busara.

Kuunguza ncha ya nguzo motoni ni desturi ya kale isiyomdhuru mtu. Hata hivyo majaribio ya wataalamu wa mbao nchini Marekani yaligundua kuwa faida yake ni ndogo, kwa sababu tabaka la mkaa ni jembamba na hupasuka. Maji ya majani au mbegu za mwarobaini huwafukuza baadhi ya wadudu kwa muda, lakini yakizikwa ardhini huoshwa na mvua. Anayeyatumia kwenye kabati au kitanda hakosei. Anayeyategemea kwenye nguzo ya uzio atasikitika.

Kwa mbao zitakazokaa mahali pakavu, yaani kenchi, mapao, milango na samani, dawa inayofaa na isiyo na madhara makubwa kwa watu na mifugo ni ya boroni. Mchanganyiko unaofahamika ni kilo 2 za asidi ya boriki na kilo 3 za boraksi katika lita 95 za maji ya uvuguvugu. Mbao zilizopasuliwa karibuni, zikiwa bado mbichi, hutumbukizwa au kulowekwa, kisha hupangwa na kufunikwa kwa turubai la plastiki majuma mawili hadi manne. Kwa kuwa dawa husafiri ndani ya maji yaliyomo kwenye mti, mti mbichi hapa ni bora kuliko mkavu. Huanikwa baada ya hapo. Mtumiaji avae glovu, asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, aweke mchanganyiko mbali na watoto, na mabaki yasimwagwe shambani, kwani boroni ikizidi hudhuru mimea. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: huyeyuka. Nguzo iliyotiwa boroni na kuzikwa ardhini itakuwa tupu baada ya misimu michache.

Kwa nguzo inayolazimika kuzikwa, hakuna dawa ya kupaka nyumbani inayoshindana na ile inayoingizwa kiwandani kwa mgandamizo ndani ya mtungi wa chuma. Nguzo za umeme hutengenezwa hivyo. Nyingi zina rangi ya kijani kibichi, inayotokana na mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki. Nyingine ni nyeusi zenye harufu kali, zilizotiwa kreosoti. Dawa hizo hufanya kazi vizuri, lakini arseniki ni sumu. Viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwenye mbao za matumizi mengi ya makazi mwishoni mwa mwaka 2003, na Umoja wa Ulaya nao uliiwekea mipaka. Zipo dawa mpya za shaba zisizo na arseniki. Mnunuzi wa nguzo anaweza kuuliza ni ipi iliyotumika.

Onyo lifuatalo linahusu kila jiko. Vipande vya nguzo za umeme zilizobadilishwa, vyenye kijani au harufu ya kreosoti, visitumike kama kuni kwa hali yoyote. Arseniki haiteketei; sehemu yake hupanda na moshi, na iliyobaki hujikusanya kwenye majivu, ambayo kijijini hutumika kusugulia sufuria, kuhifadhia maharage na kurutubishia bustani. Vumbi la msumeno la mbao hizo lisitandikwe kwenye banda la kuku. Kipande kama hicho kinaweza kutumika tena kama nguzo ya uzio mbali na maji, na si vinginevyo.

Kwa kaya isiyo na uwezo wa kununua nguzo za kiwandani, hesabu iliyo rahisi zaidi ni kuacha kuuzika mti. Kizingiti cha zege cha nusu mita, kikiwa na pande mbili za chuma zilizochomoza, huzikwa mahali pa nguzo. Nguzo ya mkaratusi iliyokauka hufungwa juu yake kwa bolti, mguu wake ukiwa umeinuka kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini. Saruji inayotumika ni kidogo, na nguzo ikichakaa hubadilishwa bila kuchimba upya. Uzio wa miti hai nao ni njia ya zamani isiyopitwa na wakati: mti ulio hai hujilinda wenyewe.

Mwananchi anayehitaji ushauri, au anayeona daraja la miguu la magogo, paa la darasa au sakafu ya choo cha umma yenye dalili zilizoelezwa hapa, aanzie kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya mtendaji wa kata, ambako ataelekezwa kwa afisa misitu, afisa afya au mhandisi anayehusika. Taarifa ikifika Septemba au Oktoba, kazi inaweza kufanyika pakiwa pakavu.

Na mbao zilizong'olewa kwa kuoza, ikiwa hazikuwahi kupakwa oili wala dawa yoyote, hazina haja ya kuchomwa moto. Zivunjwevunjwe na kufukiwa kwenye ntumba pamoja na nyasi. Kuvu zilizokwisha kuanza kazi zitaimalizia humo.